Yasmeen Lari: Kutoka Ghorofa za Vioo Hadi Jiko la Udongo

 Popote ulipo, uwe jikoni, uwe njiani, uwe dukani unasubiri wateja au barazani umejinyoosha, vuta kiti tuzungumze.

Nianze na swali. Ukiambiwa fulani ni msanifu majengo, picha gani inakujia? Jibu kwa haki, hakuna anayekusikia. Wengi wetu tunamwona mwanamume mwenye kofia ngumu kichwani, ramani kwapani, gari limeegeshwa kando ya saiti, naye ananyoosha kidole juu kwenye ghorofa. Si ndivyo?

Sasa sikiliza. Uingereza kuna nishani ya dhahabu ya usanifu majengo. Inatolewa tangu mwaka 1848, na kila anayependekezwa lazima mfalme au malkia amridhie. Mwaka 2023 nishani hiyo, ya kwanza kuidhinishwa na Mfalme Charles, ilikwenda kwa bibi wa miaka themanini na kitu kutoka Karachi, Pakistani. Na zile ghorofa alizowahi kuzijenga sizo zilizompa. Alipewa kwa kazi ya udongo, chokaa na mianzi, kazi aliyoifanya pamoja na watu waliobomolewa nyumba zao na tetemeko na mafuriko.

Jina lake ni Yasmeen Lari. Ndiye anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Pakistani kuwa msanifu majengo. Na ndiye nitakayemzungumzia leo.

Kabla sijaenda mbali, niseme ninachotaka kukisema, kwa sababu redioni huwezi kufungua ukurasa wa nyuma. Wengi wanaosimulia maisha ya mama huyu huyafanya kama kisa cha toba. Wanasema: alikuwa akijengea matajiri, akajuta, akaacha, akawaendea maskini. Kisa kitamu, lakini mimi sikikubali hivyo. Ninavyoona mimi, udongo wa Yasmeen Lari ulisikilizwa kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshalimudu zege, ameshakimudu kioo, na ameshaketi kwenye kiti cha uongozi wa taaluma yake. Hakuna aliyeweza kumwambia, "Wewe unasema udongo kwa kuwa hujui kitu kingine." Hilo lishike, tutalirudia.

Tuanze mwanzo. Yasmeen alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Dera Ghazi Khan, Punjab, wakati ambapo India na Pakistani zilikuwa bado nchi moja chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa ofisa mkubwa wa serikali, na kazi yake ilihusu mipango ya maendeleo ya Lahore na miji mingine. Kwa hiyo binti huyu alikua akisikia mezani habari za barabara, viwanja na nyumba. Hakutoka kwenye dhiki, na ni vizuri tuseme hivyo. Alikuwa mtoto wa watu wenye uwezo. Akiwa kijana akaenda Uingereza, akasoma kwanza sanaa London kwa miaka miwili, kisha akapokelewa katika shule ya usanifu majengo ya Oxford. Huko akahitimu.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa amesharudi nyumbani na kufungua ofisi yake mwenyewe Karachi, yeye na mumewe, Suhail Zaheer Lari, ambaye alikuwa mwanahistoria. Ofisi wakaiita Lari Associates.

Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Karachi ya mwaka 1964. Binti wa miaka 23 anafika kwenye saiti. Kuna waashi wazee, kuna wafunga nondo, kuna msimamizi aliyejenga kabla binti huyu hajazaliwa. Wanamtazama. Unadhani walifanya nini? Walimpima. Walimtega kwa maswali, wakamjaribu waone kama anaijua kazi au ana cheti tu. Mama mhandisi anayenisikiliza sasa hivi akiwa Dodoma, Mombasa au Kigali, najua unatikisa kichwa. Mtihani huo haukufutwa. Mwanamume akifika saiti hudhaniwa anajua mpaka akosee, na mwanamke hudhaniwa hajui mpaka athibitishe.

Naye alikuwa na mtihani wa pili, mgumu kuliko ule wa mafundi. Alichofundishwa Oxford hakikulingana na nchi yake. Amesimulia mara nyingi kwamba ilimbidi ajifunze upya, na shule yake ya pili ilikuwa ni kutembea, yeye na mumewe, katika miji ya kale ya Pakistani. Wakaangalia jinsi wazee walivyojenga, upepo ulivyoingizwa ndani, kivuli kilivyopangwa, uani ulivyotumika. Nakuomba uikumbuke safari hiyo ya miguu, kwa sababu watu wanaodhani aligundua udongo uzeeni wanasahau kwamba alianza kuutazama akiwa bado msichana.

Miaka ya 1970 serikali ikampa kazi ya kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Lahore, mahali panapoitwa Angoori Bagh. Na hapa nina kisa ninachokipenda. Alipokaa na wanawake ambao walitarajiwa kuhamia nyumba za namna hiyo, hawakumwuliza habari za madirisha wala rangi. Walimwuliza: kuku wetu tutawaweka wapi?

Usicheke. Au cheka, lakini fikiria. Ni wangapi wamejengewa nyumba za mradi, nzuri kwa kuzitazama, halafu baada ya mwezi kuku wamo jikoni, kuni ziko kwenye ngazi, na mwenye mradi analalamika kwamba watu hawa hawajui kuishi kwenye nyumba za kisasa? Lari hakulalamika. Alichora nyumba za matofali zilizopangwa kwa ngazi, kila familia ikiwa na baraza yake ya wazi ya juu: pa kuotea jua, pa kuchezea watoto, pa kufugia kuku. Swali la mama mmoja mwenye kuku likaingia kwenye ramani.

Baada ya hapo yakaja majengo makubwa. Nitayapitia haraka, kwa kuwa yanafanana na majengo makubwa ya popote. Alijenga hoteli kubwa Karachi, alijenga kituo cha fedha na biashara kilichokamilika mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akajenga makao makuu ya kampuni ya mafuta ya taifa: jengo la kioo na mawe yanayong'aa, la fahari hasa. Mwenyewe siku hizi huyazungumzia bila kuyashangilia sana. Lakini ndiyo yaliyofanya mabenki, mawaziri na wakandarasi wamjue kwa jina.

Sasa, msikilizaji, tufike mahali ambapo wasimulizi wengi hupaharakisha. Mimi nataka tupakalie kidogo. Nazungumzia uongozi wake katika taaluma.

Swali: mtu akija kwako akakwambia, "Mimi ni msanifu majengo, nipe kazi," unajuaje kama ni kweli? Tanzania tuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kenya wanayo bodi yao pia. Unauliza namba ya usajili, unahakikisha. Nyumba ikianguka, kuna pa kwenda kushtaki. Tumezoea, tunaona ni jambo la kawaida. Lakini bodi haioti kama uyoga. Kuna watu waliokaa vikao, wakabishana na wizara, wakaandika rasimu, zikarudishwa, wakaandika tena.

Pakistani mmoja wa watu hao alikuwa Yasmeen Lari. Aliongoza Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Pakistani, ambacho ni chama cha wanataaluma wenyewe. Na wakati huo wasanifu walikuwa wakidai sheria ya kuitambua taaluma yao. Mwaka 1983 sheria hiyo ikapatikana, likaundwa Baraza la Wasanifu Majengo na Wapangaji Miji. Mwenyekiti wake wa kwanza akawa nani? Akawa yeye. Mwanamke.

Nimesema mwaka 1983. Tusiupite mwaka huo hivi hivi. Pakistani ilikuwa chini ya Jenerali Zia-ul-Haq, utawala wa kijeshi uliokuwa ukipitisha sheria za kumbana mwanamke. Mwezi Februari mwaka huo huo, wanawake waliandamana Lahore kupinga pendekezo la sheria ya ushahidi ambayo ingefanya, katika baadhi ya mambo, ushahidi wa wanawake wawili uwe sawa na wa mwanamume mmoja. Polisi wakawapiga virungu na mabomu ya machozi. Hiyo ndiyo nchi, na huo ndio mwaka. Mahakamani mwanamke anatishiwa kuambiwa neno lake ni nusu, na katika taaluma nzima ya ujenzi, taaluma ya nondo na saruji, aliyeketi kiti cha mbele ni mwanamke.

Alifikaje pale? Alifika kwa sababu wanaume wenzake katika taaluma walikuwa wameshakubali kwamba anaijua kazi, na walimhitaji. Ule mtihani wa saiti wa mwaka 1964 alikuwa ameshaufaulu kwa miaka karibu ishirini. Ndiyo maana nasema ghorofa zile hazikuwa dhambi ya kutubiwa. Zilikuwa tikiti ya kuingilia chumba ambamo sheria zinaandikwa.

Na hapa niseme kidogo habari za kwetu. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya kilianzishwa mwaka 1967. Kilipata rais wa kwanza mwanamke mwaka gani? Mwaka 2017, alipochaguliwa Emma Miloyo. Nusu karne! Na hata hiyo nishani ya Uingereza niliyoitaja, mwanamke wa kwanza kuipata kwa jina lake mwenyewe, bila kuunganishwa na mume wala mshirika, alikuwa Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, mwaka 2016. Tangu 1848. Kwa hiyo tusifikiri kuchelewa ni ugonjwa wa Afrika au wa Asia peke yake.

Tuendelee. Mwaka 1980 Lari na mumewe walianzisha shirika la kulinda majengo ya kale, Heritage Foundation of Pakistan. Wakaanza kuorodhesha nyumba za zamani za Karachi moja moja, mtaa kwa mtaa, kabla wenye pesa hawajazibomoa. Kazi hiyo haina shangwe: kupiga picha, kupima, kuandika, kugombana na mtu anayetaka kujenga maduka. Lakini ndiyo iliyoandaa njia ya sheria ya jimbo la Sindh ya kuhifadhi urithi, iliyopitishwa mwaka 1994. Unaona mtindo wake? Kwanza anafanya kazi, kisha anaitafutia sheria.

Mwaka 2000 akastaafu. Akafunga ofisi. Umri unakaribia sitini, jina analo, nyumba anayo. Alitaka kuandika vitabu na kuangalia majengo ya kale. Akawa mshauri wa UNESCO katika ngome ya Lahore, na pale ngomeni akakaa karibu na chokaa. Kuta zile za karne na karne zimejengwa kwa chokaa, na ukizitengeneza kwa saruji unaziua. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Unyevu ukinaswa ndani ya ukuta, ukuta unaoza. Msikilizaji wangu wa Unguja na wa Lamu, hili huhitaji kufundishwa na Karachi. Nyumba zenu za mawe zimesimama kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na mafundi wenu wazee wamekuwa wakilia miaka yote kwamba plasta ya saruji inazila.

Basi mama yuko na vitabu vyake, ndipo likaja tetemeko.

Tarehe 8 Oktoba 2005, asubuhi, watoto wakiwa darasani, ardhi ilitikisika Kashmir na kaskazini mwa Pakistani. Walikufa watu zaidi ya 70,000. Shule nyingi zilianguka, nyingi kwa sababu ya ujenzi mbaya. Lari akaenda. Amesema wazi kwamba hakuwa na uzoefu wowote wa kazi za maafa. Msanifu aliyestaafu anafika bonde la mlimani, baridi inakuja, watu wako nje, na vifaa vya kujengea havifiki kwa sababu barabara zimekatika.

Akatazama kilichopo. Kilichopo ni kifusi. Mawe ya nyumba zilizoanguka, udongo, mbao zilizovunjika. Na kulikuwa na ujuzi wa asili wa eneo hilo, unaoitwa dhajji: fremu ya mbao iliyokingamizwa kwa mbao za mshazari, katikati ikajazwa mawe madogo na udongo. Tetemeko likija, fremu inacheza lakini haianguki. Akauchukua ujuzi huo, akaongeza chokaa, akaleta wanafunzi na wasanifu wa kujitolea, na wenye nyumba wenyewe wakajenga kwa kifusi chao.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2010, yakaja mafuriko makubwa ya mto Indus. Moja ya tano ya nchi ilikuwa chini ya maji. Sindh haina mbao kama milimani, lakini mianzi inapatikana kwa bei nafuu. Akabadilisha: fremu za mianzi zilizokingamana, kuta za mikeka au udongo uliochanganywa na chokaa, nyumba imeinuliwa kidogo kutoka chini. Udongo mtupu ukilowa unayeyuka. Udongo wenye chokaa haurudi kuwa tope.

Nirudie hapo, kwa sababu ni jambo unaloweza kulitumia hata wewe: udongo mtupu huyeyuka, udongo uliochanganywa vizuri na chokaa huvumilia maji. Na chokaa huchomwa kwa moto mdogo kuliko wa saruji, tena ikikauka ukutani hufyonza sehemu ya ile hewa ya ukaa iliyotoka tanurini. Ndiyo maana wanaohangaikia mabadiliko ya tabianchi wanamsikiliza.

Sasa ugomvi wake. Maana Lari ni mgomvi, na mimi nampendea hilo. Anagombana na mashirika ya misaada. Anasema yanamfanya mtu aliyepatwa na maafa kuwa mtu wa kupokea tu: pokea hema, pokea bati, pokea nyumba ya kigeni ya saruji ya vyumba viwili, piga picha na mfadhili, kwa heri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashirika hayo yameokoa watu wengi, na usiku wa mafuriko hema ni hema. Lakini anachouliza Lari ni cha siku ya arobaini, siyo cha siku ya kwanza. Siku ya arobaini mtu huyu bado anangoja kupewa? Au ameshashika udongo?

Na jibu lake analiita usanifu wa pekupeku, usanifu wa watu wasio na viatu. Fundisha watu kumi, hao wafundishe mia. Wanaojifunza wauze wanachokitengeneza. Karibu na Makli, kwenye makaburi makubwa ya kale ambayo ni urithi wa dunia, kuna vijiji vya watu waliokuwa wakiishi kwa kuombaomba kwa wageni. Amewafundisha kutengeneza vigae vya udongo vilivyonakshiwa, na vigae hivyo vimetandikwa hadi barabarani katikati ya Karachi, kwenye kichochoro cha kihistoria alichokigeuza kuwa njia ya waenda kwa miguu. Wameuza. Wamelipwa. Hawakupewa sadaka.

Lakini katika kazi zake zote, nikiambiwa nichague moja, sitachagua jengo. Nitachagua jiko.

Mama yangu, dada yangu, unayepikia kuni, njoo hapa redioni karibu. Wanawake wa vijijini Sindh walikuwa wakipika chini sakafuni, juu ya mafiga, wamechuchumaa, moshi machoni. Mafuriko yakija, jiko ndilo linalokwenda kwanza. Lari akiwa na wanawake hao akabuni jukwaa la udongo na chokaa, limeinuka juu ya usawa wa maji, lina majiko yasiyotoa moshi mwingi na bomba la kuutoa nje, lina pa kuweka vyombo, lina pa kunawia mikono. Wao huliita chulah. Linakula kuni chache. Hakuna tofali la kununua. Na mwanamke anakaa juu yake, mgongo umenyooka, mpishi kama mpishi.

Yamejengwa makumi ya maelfu. Nani aliyajenga? Wanawake wenyewe. Mmoja akijua anakwenda kijiji cha pili kumfundisha mwenzake kwa malipo kidogo, na huyo naye anaendelea. Kila mmoja analipamba lake kwa nakshi zake, hukuti mawili yanayofanana. Mwaka 2018 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya makazi, World Habitat. Tuzo ya makazi, kwa jiko! Waliotoa tuzo hiyo waliliona jambo ambalo wasanifu wengi hawalioni: kwamba mwanamke wa kijijini anaishi jikoni saa nyingi kuliko sebuleni, kwa hiyo usanifu unaomhusu unaanzia pale.

Wale waliouliza kuku watakaa wapi, na hawa wa jiko, ni wanawake wa namna moja. Kati yao imepita miaka karibu arobaini. Ndiyo maana nasema hakukuwa na toba. Kulikuwa na mtu aliyeuliza swali lile lile maisha yake yote, ila uzeeni alipata uhuru wa kulijibu bila mteja mwenye pesa kusimama nyuma yake.

Je, namsifu tu? Hapana, nina mashaka yangu. Baada ya mafuriko ya mwaka 2022 alitangaza lengo la nyumba milioni moja. Milioni moja ni nyingi, na udongo unataka kukandikwa tena na tena. Mwenye nyumba akihama au akizeeka, nani atakandika? Pia nyumba ya udongo inataka uwanja. Manzese haina uwanja. Kibera haina uwanja. Mjini, ambako wengi wetu tunahamia, mianzi na chokaa peke yake havitoshi, na anayesema vinatosha hajapanga chumba Dar es Salaam. Na kuna la tatu: mtu maskini akiona matajiri wanabaki kwenye zege, halafu yeye anaambiwa udongo ni mzuri, ana haki ya kuuliza kwa nini uzuri huo unamfikia yeye tu.

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Na kwa maoni yangu Lari ana haki ya kulijibu kuliko mwingine yeyote, kwa sababu hakusema udongo kabla ya kulijua zege. Fundi akimwambia haliwezekani, anajua kama linawezekana. Waziri akimwambia si la kisasa, anaweza kumwonyesha kwa kidole jengo la kisasa alilolijenga mwenyewe.

Sasa tulete nyumbani. Bibi wa Rufiji akisema nyumba ya miti na udongo ikikandikwa vizuri ina baridi kuliko ya bati na tofali, nani anamwandika? Tunamwambia, bibi, hayo ya zamani. Mafuriko yalipokuja Rufiji mwaka 2024, maporomoko yalipoikumba Hanang mwishoni mwa 2023, tuliona wenyewe nyumba zilivyokwenda, za udongo na za tofali. Swali la kujenga tena vipi lilikuwa mbele yetu. Wasanifu wetu walikuwa wapi? Baadhi walikuwapo, na Tanzania kuna kikundi cha wasanifu wanawake, TAWAH, kinachowasaidia wanawake wa kipato cha chini kupata nyumba. Wengine walikuwa ofisini wakingoja mteja. Siwalaumu, kodi ya ofisi inadai. Lakini taaluma ikishapata sheria na bodi na mihuri, imepewa kiti na wananchi. Kiti hicho kina deni.

Na jambo moja zaidi kuhusu mama huyu, la karibuni. Mwaka 2025 alitunukiwa tuzo kubwa ya Wolf, inayotolewa Israel. Akaikataa, kwa sababu ya yaliyokuwa yakitendeka Gaza. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Ila tuzo hiyo ina heshima na ina pesa, naye aliiacha.

Muda wetu unakwisha, kwa hiyo nina maombi, na nitayasema moja kwa moja.

La kwanza ni kwa walimu wa usanifu, katika vyuo vikuu vya Ardhi, Nairobi, Jomo Kenyatta na kwingine. Wapelekeni wanafunzi Lamu, Kilwa na Mji Mkongwe, wasipige picha tu. Wachome chokaa kwa mikono yao, wakae wiki na fundi mzee kabla hajaondoka na ujuzi wake.

La pili ni kwa bodi na vyama vya taaluma. Vijana wanaokaribia usajili, wapeni nafasi ya kuhesabiwa kazi waliyofanya vijijini na kwenye maafa, kama mnavyowahesabia ghorofa.

La tatu ni kwako wewe, baba au mama mwenye binti anayependa kuchora nyumba nyuma ya daftari la hesabu. Usimwambie hiyo ni kazi ya wanaume. Mnunulie rula.